Geini ya amplifaya si kitufe cha sauti

Mhariri,

Mafundi wengi wa redio za magari huzungusha geini, kirekebisho kilicho kwenye amplifaya (kikuza sauti), hadi mwisho wakidhani wanampa mteja besi zaidi. Kazi ya geini ni kulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na uwezo wa amplifaya. Ikizidi, mawimbi hukatwa vichwa, koili ya spika hupata moto kupita kiasi na kuungua. Tuita, spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo hutangulia kufa.

Ili kupanga geini, multimita (kipima umeme) ya kawaida inatosha. Chomoa nyaya za spika, zima ekwalaiza na kikuza besi, teremsha geini hadi chini kabisa. Washa injini, weka sauti ya redio robo tatu, kisha cheza mlio wa hezi 50 kwa sabwufa (spika ya besi), au hezi 1,000 kwa spika za milangoni. Zidisha wati za amplifaya kwa omu (ukinzani) za spika, tafuta kipeuo cha pili: wati 300 kwa omu 4 ni volti 34.6 za AC. Pandisha geini taratibu hadi multimita, ikigusishwa kwenye vituo vya spika vya amplifaya, isome volti hizo, uiache.

Redio yenyewe ikikwaruza kwenye robo tatu, punguza sauti yake kwanza, ndipo upime. Amplifaya haiwezi kusafisha kilichoharibika kabla ya kuifikia.

Msomaji,
Mombasa