Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wanachama wenzangu, walinzi wa mitandao ya serikali, salamu nyingi. Shughuli za kawaida mnazijua kwa hiyo sitawachosha, tulikutana mara nne, mafunzo mawili ya fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao) na moja la bakapu (nakala za akiba za data), tulienda kuwapa pole wenzetu wawili waliofiwa, na tovuti yetu iko hewani. Ile wiki mbili ilipozimika nililipia mimi kutoka mfukoni na sijadai. Basi.

Sasa lile jambo. Nalisikia kila ninapopita, ati mwenyekiti amewachezea shere watu wazima. Mwezi wa tisa nilituma imeli ya mtego, ya kuwajaribu, kwa wanachama wote 118, kichwa "Marupurupu ya semina ya Naivasha: thibitisha akaunti yako". Semina yenyewe haikuwepo. Anwani ilifanana na yetu isipokuwa herufi moja tu, na ukibonyeza linki unaletewa ukurasa unaoomba paswadi. Ndani ya saa moja watu 74 walikuwa wameshabonyeza, 31 wakaandika paswadi zao za kazini (hatukuzihifadhi, hilo nilihakikisha mwenyewe), na mmoja akanipigia simu kuuliza hela zinaingia kwa M-Pesa ama benki. Na hawa si makarani jamani, ni sisi, watu tunaolipwa kulinda mitandao ya serikali.

Kuna wanaosema yaliyotupata 2023 hayakuja kwa imeli. Kweli, sikatai. Julai ile wadukuzi wa Anonymous Sudan walipoilemea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hawakuvunja kitu, waliirushia maombi ya uongo mengi kwa pamoja mpaka mwananchi wa kweli akakosa pa kupita, na huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa kwenye mlango huo mmoja. Watu wakakosa kununua tokeni za stima, wageni ikabidi wapewe viza wakishatua, waziri akasema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani. Mimi siku zile nilikesha ofisini usiku tatu kwa bando langu mwenyewe, sijui kama kuna aliyeliandika hilo kwenye kumbukumbu.

Lakini aliyekuja kuziba mlango unamwona mchana kweupe, saiti inalala na simu zinaanza kulia. Wa kuogopwa ni yule aliyeingia na hujui yumo. Mei 2023 Reuters waliripoti kwamba wadukuzi wa China wamekuwa wakizilenga wizara zetu kwa miaka, na kwamba pa kuingilia palikuwa mfanyakazi mmoja aliyefungua waraka wenye virusi mwishoni mwa 2019. China ikakana. Haya, tuseme hawakuwa wao, ule waraka si mtu aliufungua? Kosta Rika nako Aprili 2022 genge la wadukuzi la Conti lilianzia wizara ya fedha, mifumo ya kodi na forodha ikazimwa, wakadai dola milioni 10, Mei rais mpya akatangaza hali ya dharura ya nchi nzima. Sasa niambieni kosa la imeli yangu ni nini.

Kuhusu ile orodha ya majina ya waliobonyeza. Niliituma kwa kamati, ikaingia kwenye grupu kubwa la WhatsApp, ni kidole tu kiliteleza na niliifuta baada ya dakika nne, waliopiga skrinshoti ndio wa kuulizwa. Na hili la kwamba nilitumia shilingi 34,500 za chama bila idhini si kweli, nilimpigia katibu simu akasema "sawa", akisahau yeye sahau yake. Hela ilienda kwa anwani ya majaribio na mkufunzi aliyekuja na SGR kutoka Nairobi kutuonyesha wale 74 walikosea wapi. Waliobonyeza ni 74, waliokuja kumsikiliza ni 11.

Hapo ndipo panaponiuma. Kikao cha Julai tuliagiza mahamri hamsini, wakaja watu tisa. Mbaazi ikapoa pale mezani, mlinzi wa ukumbi akaondoka na mfuko mzima. Akidi haikutimia, halafu jioni hao hao wasiokuja wanaandika kwenye grupu "mbona hatushirikishwi?"

Ada ni 1,500 kwa mwaka na waliolipa ni 41 kati ya 118, yaani 61,500, tukijumlisha na 38,200 za mwaka uliopita ni 99,700, tumetumia 81,100 (hizo 34,500 zimo, ukumbi na chai 22,000, rambirambi 15,000, tovuti 9,600), zimebaki 18,600. Deni lenu kwa chama ni 115,500. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, ambaye naye alibonyeza.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kila mwanachama awe na uthibitisho wa hatua mbili (paswadi, kisha kithibitisho cha pili) kwenye akaunti za kazini, mafunzo yaongezeke, na pengine tupate mfadhili. Jaribio jingine la imeli litakuwepo, tarehe sisemi. Uchaguzi ni kikao kijacho, jina langu nimelirudisha kwa sababu wazee wamenisihi.

Mahamri safari hii naagiza ishirini.