Neno "angalau" mmelipeleka wapi?

Ndugu Mhariri,

Mi msomaji wenu wa siku nyingi, ule ukurasa wa sayansi huwa naukata na mkasi naweka. Sasa juzi mmeandika habari ya kibete cha kahawia kinachozunguka nyota inayofanana na Jua letu, mkataja na uzito wake kama vile kimetoka kwenye mzani wa bucha. Habari hizi karibu zote zinakuja na neno "angalau", nyie mmelifuta.

Kwa asiyejua, kibete cha kahawia ni kitu kilichokwama njiani, kizito mno kuitwa sayari, kuanzia kama uzito wa sayari ya Mshtarii mara 13 hivi, lakini hakifiki zile mara 75 au 80 za kuwasha haidrojeni kama nyota ya kweli. Jina alilitoa mwanasayansi wa nyota Jill Tarter mwaka 1975, wala hakina rangi ya kahawia.

Mara nyingi chenyewe hakionekani, inayoonekana ni nyota yake inavyoyumba. Wiki iliyopita niko juu ya bati naziba panapovuja, chini uani mtoto wa jirani anazungusha ndoo ya maji kwa kamba, mwili wote unavutwa huku na huku. Mama yake kakaa mlangoni, anamwona mtoto anamjia, anarudi nyuma, anamjia tena, na kelele juu. Mimi wa huku juu namwona anazunguka tu palepale, kunijia hanijii. Basi wanasayansi wanachopima kwenye mwanga wa nyota ni huko kuja na kurudi tu, kwa hiyo kama sisi tuko upande wa batini tunaona kuyumba kiduchu, tunadhani ndoo tupu kumbe imejaa mpaka juu. Ndiyo maana uzito wanaoupata wanauandika kwa "angalau".

Na imeshatokea. Mwaka 1989 mwanasayansi wa nyota David Latham na wenzake walitangaza kitu kinachozunguka nyota HD 114762 kwa siku 84, uzito angalau Mshtarii 11, wakasema yaelekea ni kibete cha kahawia. Wengine baadaye wakakiita sayari kabisa, eti ndiyo ya kwanza kugunduliwa nje ya kwetu. Zilipokuja data za Gaia, chombo cha angani cha kupima nyota, hadi kufika 2022 ikajulikana ni nyota ndogo nyekundu, kama moja ya tano ya Jua, yani Mshtarii zaidi ya 200! Tulikuwa batini miaka yote hiyo. Latham hakudanganya mtu, si alisema angalau.

Kuna ambavyo uzito wake hauna ubishi, mfano CoRoT-3b ya 2008, ile inapita mbele ya nyota yake kila baada ya siku 4 na kidogo, hapo unajua unaiangalia kwa ubavu, wakapata Mshtarii kama 22, basi.

Mnaweza kuniona mchokozi, lakini vibete vinavyozunguka karibu na nyota za aina ya Jua ni adimu kweli, haifiki nyota 1 kati ya 100, mpaka wenyewe wanapaita jangwa, sasa humo kila kimoja kinahesabiwa na mkikosea kimoja mmeharibu hesabu.

Naomba toleo lijalo mrudishe hilo neno, hata kwa herufi ndogo pale chini. Alafu picha mliyoweka ni ya Zohali, pete zake zote zinaonekana, ila hiyo nimewaachia.

Msomaji wenu,
Tanga