Wazee wa TAZARA waandikwe wangali hai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu reli yetu.

Vijana wengi hapa Mbeya hawajui kwamba TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia isitegemee tena njia za walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kati ya Mlimba na Makambako milima ilitobolewa mahandaki, mabonde yakavukwa kwa madaraja marefu. Kipande kile kinastahili kitabu chake!

Waliolaza mataruma wakiwa vijana, baadhi tunao bado mitaani, na kila tukizika mmoja tunazika na aliyoyaona. Naziomba halmashauri ya jiji na mamlaka ya reli zitenge chumba kimoja pale stesheni: picha za ujenzi, taa za ishara, na sauti za wazee hao zilizorekodiwa. Walimu wa historia nao wawapeleke wanafunzi wakawasikilize. Kazi ya kurekodi ianze mwaka huu.

Msomaji wako,
Iyunga, Mbeya