Ombi la Sauti za Unguja kwa Wazee Wetu wa Maskati

Maskati, Oman

Ndugu yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba sisi huku hatujambo, isipokuwa joto limeanza mapema mwaka huu, na watoto wanakuamkia. Natumaini Mama naye huko Unguja hajambo na mguu wake umepata nafuu. Barua yako imekaa muda mrefu bila jibu, na leo nakuandikia kwa haraka kwa sababu nina ombi ambalo limenikaa moyoni tangu Ijumaa, nalo linahusu ile kamera yako ya nyuzi 360, inayopiga pande zote kwa pamoja, unayowapigia watalii.

Nilikwisha kukueleza kuhusu miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo mtu akiivaa hujiona yumo ndani ya picha, tunayowapelekea wazee wetu majumbani, wale waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 na ambao wengi wao sasa hawavuki mlango kwa sababu ya magoti, macho au sukari. Uliniuliza kama kitu hicho si mchezo wa watoto tu. Nakujibu kwa yakini kwamba sivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikijaribu kwa wazee 245 wenye umri wa miaka 65 hadi 103, katika makazi 17 ya wazee yaliyomo katika majimbo 10, kwa vipindi vya dakika saba hivi, na wengi wao walisema wamechangamka na upweke umepungua. Nami nayaona hayo hayo vyumbani mwao: mzee ambaye hujibu maneno mawili matatu kutwa nzima, akivua miwani ile huanza kusimulia, na wajukuu huacha simu zao wakamsikiliza.

Shida yetu ni kile tunachowaonyesha. Video tulizonunua zimejaa Paris, Venice, milima ya theluji na pengwini. Shangazi yetu wa Vuga aliitazama Paris kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mji mzuri, lakini simjui mtu humo." Ndipo Ijumaa nikamfungulia zile picha za mitaa ya Mji Mkongwe ambazo wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walizipiga pamoja na wageni wa kundi la wapiga picha la World Travel in 360 na kuziweka kwenye ramani za Google. Aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akautambua mlango wa jirani yao kwa nakshi zake, akataja nani aliolewa mle na nani alizikwa kutoka mle. Kisha akanyamaza, akauliza, "Mbona watu hawasemi?"

Ndugu yangu, swali hilo ndilo lililoniandikisha barua hii. Picha zile ni kazi kubwa na ninawashukuru waliozipiga, lakini zimesimama na hazina sauti, na Unguja ya wazee hawa kwa sehemu kubwa ni sauti: adhana ya mtaa wa Malindi, kengele za baiskeli, muuza kahawa akigonganisha vikombe, majibizano ya bei pale Darajani. Kwa hiyo ninaomba uwapigie wao, si watalii, video za dakika tano tano zisizokatwa, na uiache kamera ipokee kila kinacholia karibu nayo. Muziki wa kuongeza baadaye usiutie hata kidogo.

Naomba pia kamera isitembee. Najua watalii hupenda kutembezwa vichochoroni, lakini mzee aliyekaa kitini akiona njia inamkimbilia, macho humwambia anakwenda na sikio la ndani humwambia ametulia, na kutopatana huko ndiko kunakoleta kizunguzungu na kichefuchefu. Isimike juu ya stendi yake, mahali pasipo na upepo mkali, kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi, yaani kama mita moja na robo kutoka chini. Ukiiinua hadi kimo chako wewe, mzee atajihisi anaelea. Watu wasiisogelee mno, kwa maana nyuso zilizo karibu sana hupindika pale picha za lenzi mbili zinapounganishwa. Tumia pia ubora wa juu kabisa ulionao, hata kama faili litakuwa zito, kwa sababu picha hutandazwa duara zima na mtazamaji huona kipande kimoja tu kwa wakati mmoja, na macho yenye mtoto wa jicho hayawezi kupambana na ukungu wa ziada.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kwa kuwa kamera hiyo huona pande zote na huwezi kujificha nyuma yake, usijifiche. Keti barazani mkabala nayo, mtazame mzee uliyemkusudia kana kwamba yupo mbele yako, umwamkie, "Shikamoo, karibu," kisha usubiri kidogo. Atakujibu, nina hakika atakujibu. Muulize habari za nyumbani, umwambie leo samaki gani wameshuka, na kila mara uache kimya cha kumtosha yeye kusema. Katika video zote tulizonazo hakuna hata mtu mmoja anayemsalimu mtazamaji, na kwa watu waliolelewa kwa kupigiwa hodi hilo ni pungufu kubwa. Wauzaji na wapita njia uwaombe ruhusa kwanza, na uani kwa watu usiingie na kamera ila kwa idhini ya wenyewe, hasa ya kina mama.

Huku upande wetu tumekwisha kujipanga. Tunatumia kiti imara chenye mikono, mtu mmoja hukaa karibu na kumshika bega mzee akitaka kushikwa, na anayoyaona yeye tunayaona na sisi kwenye televisheni ili mazungumzo yasikatike. Miwani ina uzito wa nusu kilo, na mkanda wake huvuta mtandio na pini zake, hivyo kina bibi tunawatayarisha polepole wakiwa peke yao na mabinti zao. Wenye kifafa, na wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, hatuwavishi mpaka daktari aseme. Na mzee akisema basi, ni basi, hata kama ni dakika ya kwanza.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi. Babu yetu wa Malindi anataka kuonyeshwa Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani. Kila nikifika huiulizia, na husimulia jinsi baba yake alivyomwonyesha saa ya mnara. Wewe uliiona kwa macho yako Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara ule ilipoporomoka katikati ya ukarabati, lakini yeye hajui, au aliambiwa na amesahau. Mwanawe anataka tumwonyeshe picha za zamani tu na tunyamaze. Ninamwelewa, kwa maana anamlinda baba yake, lakini sikubaliani naye. Babu ana akili zake siku nyingi kuliko asizokuwa nazo, na kumdanganya mtu mzima kuhusu mji wake kwa sababu tu amezeeka naona ni kumvunjia heshima. Rai yangu ni aambiwe kwanza, kwa upole, tukiwa tumeketi naye bila miwani. Kisha akichagua kuiona ilivyo leo, aione, na akichagua bahari ya Forodhani, apewe bahari. Hata hivyo ninaogopa siku atakayosahau tena, nasi tukalazimika kumfikishia msiba ule ule upya. Bado sijajua la kufanya siku hiyo.

Je, wewe ungefanyaje kama angekuwa baba yako? Je, kamera unayo mwezi huu, au imeazimwa tena na yule wa Shangani? Pale mbele ya Beit al-Ajaib mtu anaweza kusimama na stendi siku hizi, au pamezungushiwa uzio? Utakuwepo Makunduchi kwa sherehe ya mwaka mpya ya Mwaka Kogwa, na unadhani wazee wa kule wataridhia kamera? Mama angekubali kuketi nawe barazani na kumsalimu shangazi wa Vuga kwa jina lake, maana walisoma pamoja? Na ni nani anayesafiri kuja huku hivi karibuni tumpe kadi ya kumbukumbu, kwa sababu mafaili hayo kwa intaneti hayatafika?

Gharama za kadi na za nauli zako za mjini nitazituma mara tu utakaponijibu. Ukiweza, anza na Malindi, wakati wa alasiri.

Wasalaamu,

Ni mimi ndugu yako wa Maskati