Kabla Hujajaza Fomu ya Saikolojia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Swali uliloniuliza si la kujibiwa kwa mkato, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Unasema umechoka kusanifu skrini kwa kubahatisha, umepata kozi ya saikolojia inayosomwa jioni na mwisho wa wiki, na unataka kujua kama itakufaa kazini au itakula muda wako bure.

Kasome. Ila nenda ukijua unafuata nini, kwa sababu wengi wetu tunaofanya usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, yaani kupanga jinsi mtu anavyotumia programu au tovuti, huingia darasani tukitafuta kanuni za kubandika kwenye kazi zetu, na kanuni ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Chukua ile ya namba saba, ambayo bila shaka umeshaisikia kwenye vikao. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba hivi, na tangu hapo hawajakosekana watu wa kukataza menyu, ile orodha ya machaguo kwenye skrini, yenye vipengele zaidi ya saba. Ukimsoma Miller mwenyewe huikuti menyu. Anazungumzia vitu ambavyo mtu hubaki navyo kichwani vikishaondolewa mbele yake. Menyu iko pale pale kwenye skrini, nani kamwambia mtumiaji aikariri? Tena mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, aliupitia ushahidi upya akaona kwamba kiasi kinachoshikika hasa kiko karibu na vinne. Hapo kuna jambo la kutumia: namba ya uthibitisho ambayo mtu anaisoma kwenye ujumbe kisha anarudi kuiandika kwenye fomu. Katikati ya skrini hizo mbili ndipo kumbukumbu inapoelemewa, na ndipo msanifu anapotakiwa kuigawa namba kwa mafungu, au bora zaidi, kumpunguzia mtu mzigo wote wa kuikumbuka.

Umeona basi, kanuni yenyewe utaisoma kwa dakika mbili. Kilicholeta faida ni kurudi kwenye utafiti na kuuliza ulipima nini, kwa nani, na kwa namna gani. Hicho ndicho chuo kinafundisha, na kinafundishwa kwenye vipindi vile vile ulivyoniambia vinakutisha: mbinu za utafiti na takwimu. Nakuomba usivikwepe. Kozi ikikupa nafasi ya kuviruka, itafute nyingine.

Nikupe mfano ulionigeuza. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Kilichobadilika kati ya kundi na kundi ni kitenzi tu. Walioulizwa mwendo wa magari "yalipopondana" walitaja wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", karibu 32. Katika jaribio lao la pili waliwarudia watu baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamuni havikuwamo. Hata hivyo, katika watu 50 walioulizwa kwa neno "kupondana", 16 walisema waliviona. Kwa wale wa "kugongana", walikuwa 7 kati ya 50.

Sasa fikiria maswali tunayowauliza watumiaji. "Ulipata shida gani hapa?" Tayari umeshampa shida. "Je, ilikuwa rahisi?" Umeshampa na jibu. Juzi nilikaa na mama mmoja aliyekuwa akijaribu fomu tuliyoisanifu. Alipofika kwenye kisanduku cha tarehe, kidole kilisimama hewani, kikashuka kwenye mwaka, kikarudi kwenye siku, kikasimama tena. Akamaliza, akanitazama akitabasamu, akasema, "Nzuri, haina tatizo." Angekuwapo mtu wa kuandika majibu tu, angeandika kwamba fomu imepita. Mimi sikumuuliza kama ilikuwa ngumu. Nilimwomba anisimulie alichokuwa anatafuta pale kwenye tarehe, nikanyamaza. Akasema hakujua aanze na siku au mwezi, akaogopa kukosea jambo ambalo lingemrudisha mwanzo. Woga huo wa kurudishwa mwanzo haukuwa kwenye orodha yetu ya maswali hata kidogo.

Watu hawatudanganyi, ndugu yangu. Mara nyingi hawajui kilichowasukuma. Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza hivyo mwaka 1977: waliwapangia watu jozi nne za soksi ndefu za kike, zote sawasawa, wakawaomba wachague iliyo bora. Wengi walivutwa na iliyokuwa mwisho kulia. Walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali ilipokaa soksi. Tangu niisome kazi hiyo, kura ya "muundo upi unaupenda" haina uzito tena kwangu. Nabadilisha mpangilio kwa kila mtu, naangalia mikono na macho, na maoni nayachukua kama maoni.

Kuna jambo ambalo walimu wazuri watakuambia mapema, nawe lisikukatishe tamaa. Saikolojia yenyewe ina matokeo yasiyosimama. Mwaka 2015 kikundi kikubwa cha watafiti kilichapisha kazi ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka kwenye majarida yenye heshima. Katika tafiti za awali, 97 kwa mia zilikuwa na matokeo yaliyofikia kiwango cha kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ni 36 kwa mia tu. Mimi naona huu ni msaada mkubwa kwa msanifu. Bosi anapokuja na makala inayosema rangi fulani huongeza mauzo, unajua cha kuuliza: walikuwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, kuna mwingine aliyerudia akapata hivyo hivyo? Uliza kwa upole, lakini uliza.

Na maadili. Darasani huruhusiwi kumfanyia mtu jaribio lolote kabla hajaelezwa na kuridhia, na lazima ajue anaweza kuondoka wakati wowote bila kutoa sababu. Kazini kwetu hili linapita kwa haraka mno. Mimi sasa nalisema kila kikao, kwa sauti, kabla simu haijaanza kurekodi. Halafu maarifa haya haya yanaweza kumnasa mtu: kisanduku kilichowekwa alama tayari, kitufe cha kujiondoa kilichofichwa kwa rangi hafifu. Ukishasoma namna watu wanavyokubali kilichochaguliwa tayari kwa niaba yao, utaombwa uitumie elimu hiyo vibaya. Jiandae kukataa, na ukiwa na ushahidi utakataa vizuri zaidi.

Kuhusu muda, nisikufiche: kusoma huku unafanya kazi ni kuchoka. Shahada inayosomwa kwa miaka mitatu mfululizo huweza kukuchukua sita ukisoma nusu ya masomo kila mwaka. Kwa hiyo jiulize kama unahitaji shahada nzima. Ukitaka siku moja kuitwa mwanasaikolojia, hakikisha kozi ina ithibati ya chama cha taaluma, la sivyo utarudia safari. Ukitaka kubaki msanifu, stashahada au masomo machache yaliyochaguliwa vizuri yanatosha: utambuzi, hisi na umakini, mbinu za utafiti, takwimu. Donald Norman, mmoja wa majina makubwa katika kazi yetu hii, alianzia uhandisi wa umeme ndipo akaingia saikolojia, na mwaka 1993 akaenda Apple, ambako cheo chake kilibeba jina la uzoefu wa mtumiaji. Kwa hiyo usione aibu kwamba umetokea kwingine.

Namna ya kusoma nayo ina utafiti wake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanaojipima baada ya kusoma hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko wanaorudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya kusoma hali huwa kinyume. Kwa hiyo ukirudi kazini umechoka, usipige mistari kwenye kitabu. Kifunge, andika unachokumbuka, kisha fungua usahihishe.

Kabla hujalipa chochote, nitumie mtaala wa kozi hiyo. Nataka kuona kama kuna jaribio utakalolibuni mwenyewe, ukakusanya data na kuiandikia ripoti. Na dodoso lako la mwezi ujao nitumie pia, tulipitie swali kwa swali.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi mwenzako.