YAH: MALALAMIKO KUHUSU UGAWAJI WA ZAMU ZA DATA KWENYE MNARA WENU

Ndugu Meneja,

Nawaandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata kwenye dawati lenu la ufundi, ambako mhandisi wenu aliyafunga majalada ya vipimo vyangu vya kasi ya data bila kuyasoma na kuniambia, mbele ya wateja wengine, nibadilishe simu.

Simu haina kosa. Usiku wa manane, watumiaji wengine wakiwa wamelala, simu hiyohiyo, palepale pembezoni mwa eneo la mnara, hupata kasi ya kutosha; mchana, nguvu ya mawimbi ikiwa ileile, data husimama kabisa. Mnara wa LTE (mtandao wa 4G) huwagawia watumiaji zamu za data kila milisekunde 1, na kwa kuwa viwango vya 3GPP, muungano wa kimataifa unaoweka viwango vya mitandao ya simu, havimlazimishi mwendeshaji kutumia algoriti fulani (kanuni ya kuamua nani apewe zamu), anayenikosesha zamu ni ninyi. Dalili zote ni za algoriti inayompendelea mwenye mawimbi bora kuliko wote: jumla ya kasi ya mnara hupanda (na jumla hiyo ndiyo mnayoitangaza), huku sisi wa pembezoni tukiachwa na njaa.

Sidai zamu ya mzunguko, ambayo humpa kila mtu muda sawa hata pale mawimbi yake yanapokuwa yamezorota. Nadai algoriti ya uwiano wa haki, inayolinganisha kasi ambayo mtumiaji anaweza kupata sasa na wastani wa aliyokwisha kupata, hivi kwamba aliyenyimwa kwa muda hupanda kwenye foleni. Kwa mazungumzo ya video hata hiyo haitoshi, kwa sababu haitazami ucheleweshaji wa pakiti (vipande vya data), ilhali algoriti iitwayo M-LWDF huutazama.

Hayo yote yalikuwa ndani ya majalada yale. Grafu ya usiku na mchana ilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, nayo ndiyo mhandisi wenu aliyoifunika kwa kiganja, akacheka, akasema “badilisha simu”, kisha akamwita mteja mwingine nami ningali nimesimama mbele yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia, mkanijibu kwa ujumbe wa kunishukuru kwa kuwachagua!

Naomba maelezo ya maandishi kuhusu algoriti mnayotumia, pamoja na marekebisho yake. Naomba pia radhi ya mhandisi huyo, nayo iwe ya maandishi, na fidia ya bando zote zilizoisha muda bila kutumika. Msiponijibu ndani ya siku 14, vipimo hivi vitafika kwa mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, na laini zote za ofisi yangu zitahamia kwa mshindani wenu.

Wenu,
Mteja wa mkataba