Kabla hujafunga mlango

Mikunguni, Unguja

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika pamoja na vile vileja, na watoto wamevimaliza hata chai haijachemka. Ahsante.

Haya, la gazeti lako. Unasema mwezi ujao utazifunga habari zote mtandaoni, asiyelipa asisome, kwa kuwa New York Times, gazeti la Marekani, ndivyo walivyofanya. Sivyo, shoga. Walipoanza Machi 2011, msomaji aliachiwa makala 20 kwa mwezi bila malipo. Mwaka uliofuata wakashusha hadi 10. Kwanza walimzoesha. Guardian ya Uingereza wao waliiacha tovuti yao wazi, wakawa wanawaomba wasomaji wachangie.

Tena wenzetu hao hulipwa zaidi kwa kadi ya benki. Ukishaandika namba, pesa hukatwa kila mwezi, umesoma hujasoma. Mimi niliwahi kujiunga na gazeti moja la nje kwa dakika mbili. Nilipotaka kutoka, nikaambiwa nipige simu saa zao za kazi, huku kwetu usiku mkubwa! Nililipa miezi minne sikufungua hata ukurasa mmoja, na kwenye vitabu vyao bila shaka niliandikwa mteja mwaminifu.

Msomaji wako wa Wete, huko Pemba, atalipa kwa simu. Kila mara aandike namba ya siri, na kila mara ajiulize: nilipie gazeti au ninunue bando? Wao msomaji akisahau, wanapata. Wewe akisahau, umekosa.

Unamkumbuka yule muuza samaki wa Darajani? Akipata changu wa kupaka humwekea mama kando, kisha humpigia: "Bi mkubwa, wako ninao." Siku samaki ni wa jana humwambia wazi asichukue. Mama anapita meza nne kumfuata yeye.

Sasa wewe, nani wako anasoma nini? Nani hufungua habari za karafuu tu, nani hutafuta boti ya Mkoani? Huyo wa karafuu mwandikie msimu unapokaribia, kabla hajatandika majamvi ya kuanikia. Bei uiweke kwa siku na kwa wiki, kama bando. Wapemba walioko Muscat na London wawekee kadi, lakini kitufe cha kujitoa kikae juu, kionekane. Na habari ya bahari kuchafuka usiifunge hata siku moja. Hilo sitaki hata tubishane.

Aliyewacha kulipa usimpelekee "usajili wako umekwisha", ukamkatia kama umeme. Muulize kulikoni, kwa jina lake, tena uandike mwenyewe.

Nitavuka baada ya Idi, Inshallah. Nitayarishie orodha ya waliowahi kulipa mara moja wasirudi, tukae nayo barazani. Na vileja safari hii nitakuja kuvila huko huko.

Wako,
Shoga yako wa Mikunguni